Babu Fundi wa Mioyo ya Karatasi

Jumapili, 1 Desemba

Nimerudi kutoka kwa Bodil. Hasira tupu. Gundi kwenye mkono wa koti, na haitoki.

Ilikuwa siku ya kukata karatasi za mapambo ya Krismasi. Tangu Signe anazaliwa, siku ya kukata imefanyika hapa, kwenye meza yangu, Ellinor ameshika mkasi na watu wote wamemzunguka. Karatasi nyekundu huku, nyeupe kule, divai ya moto kwa wakubwa, vitumbua vya sukari kwa watoto. Ellinor, mke wangu, amekufa Machi. Desemba ndiyo kwanza inapiga hodi, na Bodil ameshaichukua siku yetu! Bodil ni mama yake Asger. Asger ni mume wa Signe, binti yangu. Kwa hiyo huyu mwanamke ni wa familia, nitake nisitake.

Kwa kumbukumbu: nilikuwa mtahini wa udereva hapa mjini Faaborg kwa miaka thelathini na moja, na mwaka 1991 nilimfelisha Bodil mara mbili. Kwa haki kabisa. Mara ya kwanza hakumpisha mtu wa baiskeli. Mara ya pili, sitaki hata kuandika alichokifanya kwenye kipilefti. Hajanisamehe mpaka leo. Anatabasamu, lakini najua.

Wote walisuka mioyo ya kutundika kwenye mti wa Krismasi. Hata Asger, ambaye kamba za viatu zinamshinda! Mimi nilipewa kazi ya kuokota vipande vilivyoanguka chini. Kazi ya mtoto wa miaka miwili.

Kisha Signe akanivuta pembeni, kwenye makoti. Mwaka huu mkesha wa Krismasi utakuwa kwa Bodil. Nikauliza kwa nini. Akasema, kwa upole, kwamba nyumbani kwangu hakuna hata mshumaa, nimejifungia tangu Machi, na mtoto anahitaji mti na mioyo na watu. Nikamwambia vyote vitapatikana. Akaguna. Akasema haya Baba, ukiweza kuiandaa nyumba kwa ajili ya Alberte, tutakuja kwako.

Alberte ni mjukuu wangu. Miaka mitano. Alikuwa amesimama nyuma yetu anasikiliza, ndiyo zake. Akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: nani atasuka mioyo sasa, maana babu hajui?

Bodil akatazama kikombe chake.

Nikasema najua. Nikasema nimesuka mamia. Nikasema hata bibi Ellinor, mimi ndiye niliyemfundisha.

Hilo la mwisho sijui lilitoka wapi. Mungu anisamehe, na Ellinor pia.

Ukweli ni kwamba sijawahi kusuka hata mmoja. Mdenmark mzima, miaka sitini na nane! Kazi yangu ilikuwa kupanda ngazi na kuweka nyota juu.

Mkesha lazima uwe hapa. Sitaki zawadi nyingine yoyote. Signe kwenye kiti chake, Alberte kwenye kile chenye mto. Nikiwa peke yangu siku hiyo ndani ya nyumba hii, sijui mikono yangu nitaiweka wapi.

Jumanne, 3 Desemba

Simu asubuhi. Mwalimu Solvej wa chekechea. Alberte amewatangazia wenzake kwamba babu yake ndiye fundi mkuu wa mioyo ya karatasi. Je, ningependa kuja Alhamisi ya tarehe 12 kuwafundisha watoto?

Nilitaka kukataa. Mdomo ukasema nitafurahi sana.

Baada ya kutafakari: ni bahati! Nikifanikiwa mbele ya chekechea nzima, Signe atasikia, Bodil atasikia, na mkesha ni wangu. Mpango mzuri kuliko ambao ningeweza kuupanga mwenyewe.

Nikanunua karatasi. Nikajaribu. Vipande viwili, chekundu na cheupe, kila kimoja kimekunjwa katikati, kimechanwa tepe tatu. Nikazisuka kama mkeka: juu, chini, juu, chini. Dakika arobaini. Ukapendeza! Kisha nikajaribu kuufungua, maana moyo unapaswa kufunguka kama kikapu, utiwe zabibu kavu na peremende ndani. Haukufunguka. Nikausukuma kidole. Ukachanika.

Nikasuka mwingine. Mkeka. Wa tatu. Mkeka. Nina mikeka saba, na njia ya kuifungua haijulikani.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimeamua kupanua mradi. Watoto hawapendi mioyo tu. Wanapenda vibwengo vya Krismasi, vile vya kofia nyekundu, vinavyotengenezwa kwa vile vibomba vya katikati ya karatasi ya chooni. Rahisi! Unapaka rangi, unabandika ndevu za pamba, umemaliza.

Tatizo: mtu anayeishi peke yake hamalizi karatasi za chooni haraka. Zamani tulikuwa wawili, na vibomba vilikuwa vinajaa kapu. Nikafungua roli nane nikazikunjua zote. Karatasi yote sasa imejaa bafuni, mpaka ukingoni mwa beseni la kuogea. Nitaitumia taratibu mpaka Juni.

Rangi nyekundu ilikuwepo ghalani, iliyobaki nilipopaka uzio. Imekolea vizuri sana, ila haikauki. Saa nane zimepita, vibwengo bado vinanata. Pamba haikushika kwenye vibwengo, imeshika kwenye fulana yangu. Nimejitazama kwenye kioo. Mzee mwekundu mwenye manyoya.

Nikacheka. Nikageuka nimwambie Ellinor aje aone. Nilishageuka kabisa, na jina lake lilishafika mdomoni.

Jumapili, 8 Desemba

Ujasusi. Nilikumbuka nina bakuli la Bodil tangu msiba, la supu aliyotuletea. Miezi tisa sijalirudisha. Kisingizio safi!

Nikamkuta anasuka. Nikajitia hamnazo, nikakaa karibu na dirisha ambapo mikono yake inaonekana. Nikamsifia mapazia. Akanitazama kwa mashaka, miaka yote hii sijawahi kusifia kitu chake. Akaweka kahawa. Akaendelea kusuka, vidole vikienda mbio, na kila nikikaribia kuona utepe unapita wapi, mkono wake unaziba.

Nikasema mimi huwa napitisha kwa namna yangu, sijui yeye anapitishaje. Bodil akasitisha kazi. Akaniambia: Preben wewe, kama hujui si useme tu? Nikuonyeshe, ni dakika tano.

Thubutu! Nifundishwe na mtu niliyemfelisha udereva mara mbili! Nikamwambia sina haja, nilikuwa najaribu kuanzisha mazungumzo tu.

Akasema yeye na Ellinor walijifunza pamoja, darasa moja, dawati moja, wakiwa na miaka sita. Akasema mikono ya Ellinor ilikuwa miepesi kuliko yake. Kisha akainuka kwenda jikoni ghafla, akakaa huko muda mrefu, na bomba la maji lilikuwa wazi wakati wote. Nikaondoka bila kuaga.

Njiani nimekumbuka: boksi la mioyo la Ellinor lipo darini!

Jumanne, 10 Desemba

Nimelishusha boksi. Mioyo zaidi ya arobaini, kila mmoja kwenye karatasi laini. Harufu ya nyumba ya zamani.

Nikawaza kifundi. Ukitaka kujua injini inavyofanya kazi, huitazami kwa nje, unaifungua. Nikachagua mmoja mdogo, uliopinda, ambao ulionekana ndio mbaya kuliko yote, ili hasara isiwe kubwa. Nikatandika gazeti. Nikavaa miwani. Nikaanza kuufungua utepe kwa utepe, huku naandika kila hatua.

Hatua ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Siri nimeiona! Utepe haupiti juu na chini. Unapita ndani ya mwenzake, kisha unamvaa mwenzake, kisha ndani tena. Nilipiga meza kwa furaha.

Kisha karatasi ikakatika. Ilikuwa ya miaka mingi, imekauka, kwenye kila kunjo ikawa inaachia. Tepe nne kati ya sita mkononi mwangu. Na kwa ndani, mahali ambapo huwezi kupaona mpaka uufungue, palikuwa na mwandiko wa Ellinor kwa penseli: Signe, miaka mitano. Kasuka mwenyewe, mimi nilishika tu.

Nilikaa. Sijui muda gani. Kahawa ilipoa na mbwa wa jirani alibweka mpaka akachoka.

Nikajaribu kuusuka upya. Nilikuwa na maelezo yangu, hatua moja hadi sita. Lakini vipande vilivyokatika havisukiki. Nikatia gundi. Gundi ikatia doa. Nikatia selotepu. Sasa ni kitu fulani, lakini moyo si moyo. Nimeurudisha chini kabisa ya boksi, nimeufunika kwa ile mingine.

Hakuna atakayejua. Naumwa kichwa. Naumwa kila mahali.

Jumatano, 11 Desemba

Siri ninayo lakini mikono haitii. Nimesuka miwili. Wa kwanza ulifunguka upande mmoja. Wa pili ulifunguka kwa chini, ambako haupaswi.

Chekechea ni kesho! Hapakuwa na namna. Nimekwenda soko la Krismasi la kanisani, ambako akina mama wa parokia wanauza kazi za mikono, nimenunua mioyo ishirini. Mizuri, imenyooka, haina dosari. Nitaiweka mezani na kuacha watu wafikirie watakachofikiria. Kusema nimeisuka mimi, sitasema. Kusema sikuisuka, sitasema pia.

Nani atajua? Moyo wa karatasi hauna namba ya usajili.

Alhamisi, 12 Desemba

Moyo una namba ya usajili.

Niandike kwa utaratibu. Watoto kumi na wanne, wamekaa chini. Alberte mstari wa mbele, amevaa gauni la sherehe kwa ajili yangu. Nikaweka mioyo ishirini mezani. Watoto wakasema loo! Mwalimu Solvej akasema loo! Niliona raha ambayo sijaiona tangu Machi.

Nikaanza somo. Kabla ya kukata, tazama kushoto, tazama kulia, hakikisha hakuna kidole cha mwenzio. Vizuri. Mtoto mmoja, Villads, akajikata nywele za mbele badala ya karatasi. Nikamwambia umefeli, utarudia baada ya wiki mbili. Mazoea tu! Akaangua kilio. Wawili wengine wakalia kwa kumsindikiza.

Solvej akapendekeza nionyeshe kusuka. Nikasuka. Kijasho. Mkeka. Alberte akaja na zabibu zake kavu azitie ndani, akatafuta mlango wa moyo, akaukosa, zabibu zikamwagika zote.

Mtoto mmoja akasema hawezi kusuka huyu. Mwingine akasema sasa ile mingine ilitengenezwaje. Alberte akachukua mmoja wa mezani, akaufungua, akachungulia. Nikaona uso wake unabadilika. Akasema kwa sauti ndogo: huu una herufi ya bibi Bodil.

Kumbe Bodil ndiye anayesukia soko la kanisa! Na ndani ya kila moyo anaandika B ndogo kwa wino wa buluu. Yote ishirini. Watoto wakaanza kuifungua mmoja mmoja wakipiga kelele B! B! B! Solvej akatazama dirishani.

Alberte hakulia. Alikuja akasimama kando yangu akashika kidole changu, akawaambia wenzake kwamba babu anasuka ile ya aina nyingine, isiyofunguka, ni migumu zaidi. Ananitetea! Miaka mitano!

Tulitembea kurudi kwao. Mlangoni akaniambia taratibu, Signe asisikie: babu, ulisema uongo kidogo. Nikamwambia nilisahau tu namna. Akafikiri. Akasema sawa, lakini bibi Ellinor hakuwa anasahau.

Jumamosi, 14 Desemba

Signe alikuja leo. Peke yake, bila kupiga simu. Nikajua ni habari za chekechea, nikaandaa maelezo ya kitaalamu. Hakuzitaja kabisa. Alikuwa na uso laini, ule wa utotoni. Akasema ameamua: watakuja. Mkesha utakuwa hapa. Alberte ameomba, kasema babu ana huzuni. Kwa hiyo amekuja kuangalia vitu vya mti.

Nimeshinda! Nusura nirukeruke.

Kisha akasema kuna moyo mmoja anaoutaka hasa. Mdogo, umepinda. Aliusuka na mama yake akiwa na umri huu huu wa Alberte. Anataka wausuke mwingine kama ule, yeye na mtoto, wakiutazama.

Nikamwambia darini kuna panya. Nikamwambia boksi limeliwa. Akasema atatazama kilichobaki. Nikamwambia ngazi imevunjika. Ngazi ilikuwa nyuma yangu, nzima. Akapanda.

Nilisimama chini nikisikia karatasi laini zikifunuliwa, moja moja. Kisha hazikusikika tena.

Aliposhuka aliketi kwenye kidato cha katikati, ameushika mkononi, selotepu yote. Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele! Aliuliza nilikuwa nafanya nini. Nikamweleza: injini, hatua sita. Akasikiliza mpaka mwisho.

Akasema: Baba, mimi najua kusuka. Mama alinifundisha. Ungeniuliza tu.

Wazo hilo halikunijia kichwani. Namwapia hata Mungu, siku zote kumi na nne halikunijia kichwani. Nilipaswa kusema nisamehe. Nilipaswa kusema namkosa mama yako mpaka siwezi kulala upande wake wa kitanda. Nilimwambia karatasi ilikuwa imechoka, ingekatika tu hata bila mimi. Akauweka moyo mkobani, akafuta macho, akaenda kwenye gari. Nikamfuata mpaka nje. Nikamwambia taa yake ya breki ya kushoto haiwaki.

Jumatano, 18 Desemba

Siku nne bila simu. Leo Signe amepiga, akiwa kwa Bodil. Sauti kavu, kama ya ofisini. Mkesha ni kwa Bodil, imeamuliwa, na mimi nimealikwa. Nisilete chochote. Nisitengeneze chochote. Nije tu, nikae, nile.

Kisha Bodil mwenyewe akachukua simu. Akasema njoo Preben, nimekuwekea kiti karibu na mti, na hakuna atakayetaja mambo ya chekechea, nimewakataza wote. Kumbe amewasimulia wote ili awakataze!

Nikasema asante, nitakuja. Lakini sitaki kiti cha Bodil. Nikikaa pale nitakuwa mgeni. Mzee aliyealikwa kwa huruma, anapewa nyama kwanza. Bado siku sita. Lazima wawe hapa, na kwa karatasi imeshindikana.

Jumamosi, 21 Desemba

Nimepata! Rahisi mno, nashangaa sikuanza nayo. Ugonjwa.

Signe ana moyo wa mama yake. Akisikia baba ni mgonjwa kitandani siku ya mkesha, hataniacha. Watakuja wote, na chakula chao, na mti wao ikibidi. Wakishaingia, naanza kupata nafuu pole pole. Kufikia wakati wa kuzunguka mti na kuimba, nimepona. Watasema ni wao walioniponya.

Nimenunua bata mkubwa wa kutosha watu watano. Nimenunua mti. Nimeutundikia vibwengo, bado vinanata kidogo. Nimefanya mazoezi ya kukohoa ndani ya kabati la nguo ili jirani asisikie.

Jumatatu, 23 Desemba

Nimepiga simu. Kikohozi kilitoka vizuri sana. Signe akashtuka. Sauti ya ofisini ikayeyuka palepale, akaniita Baba kama zamani. Nina homa? Nikasema thelathini na tisa. Kwa usalama nikaongeza nusu. Akauliza natapika. Nikaona hapa ndipo mahali pa kukazia, nikasema natapika tangu asubuhi, hata maji hayakai, na tumbo ndiyo usiseme.

Akasema maskini Baba. Akasema ngoja azungumze na Asger, kesho watapita.

Watapita! Bata anaingia oveni kesho saa tano.

Jumanne, 24 Desemba

Saa nane mchana gari likasimama nje. Nyumba nzima inanukia bata! Nikazima oveni, nikabana taulo chini ya mlango wa jikoni, nikarukia kitandani na viatu, nikavuta blanketi mpaka kidevuni. Nikasubiri kengele ya mlango.

Hawakupiga kengele. Wakaja dirishani.

Signe alisimama kwenye bustani, kwenye manyunyu, akasema kwa sauti ya juu kupitia kioo kwamba hawawezi kuingia. Huu ugonjwa wa kutapika mwaka juzi uliwalaza wote wiki nzima, Alberte mpaka alitundikiwa maji. Krismasi hii hawathubutu. Ameniomba nimwelewe. Nisitoke kitandani hata kidogo. Ninywe maji.

Asger akambeba Alberte mabegani. Mtoto alikuwa amevaa kofia nyekundu, pua imeganda kwenye kioo. Alikuwa na mnyororo wa karatasi, mrefu, pete nyekundu na nyeupe, aliougundisha mwenyewe. Akautundika juu ya dirisha kwa nje, kutoka kona hadi kona, ili niuone nikiwa nimelala. Alichukua muda. Ulimi nje, kama anavyofanya akiwa na kazi nzito. Akanipungia.

Ningeweza kuinuka. Hatua nne mpaka dirishani. Ningesema mimi mzima, bata yupo, ingieni. Nikakohoa. Nikapunga mkono kwa udhaifu.

Signe akaweka kiganja chake kwenye kioo. Nikaona anasema kitu, sikukisikia, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Bodil ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Akarudi nyuma mpaka barabarani. Alitazama pande zote, akatoa ishara. Hakuna kosa lolote ambalo ningeweza kuliandika.

Niliendelea kulala. Wangeweza kugeuza wamesahau kitu, wakanikuta nimesimama. Manyunyu yakawa mvua. Nikautazama mnyororo ukilowa. Rangi nyekundu ikaanza kushuka kwenye kioo, kisha pete ya kwanza ikaachia, kisha ya pili, gundi ya watoto haistahimili maji. Nilipojiridhisha kwamba hawarudi nikatoka mbio bila koti. Nikaokota nilizoweza. Tope na karatasi.

Kwenye kitasa waliacha mfuko. Ndani kuna wali wa maziwa wa Bodil, na kikombe cha sharubati ya cheri. Nikala bata kidogo. Nikala wali. Kijiko cha tatu nikauma lozi! Kila mwaka Ellinor alificha lozi moja kwenye sufuria nzima, na anayeipata ndiye mshindi, anapewa zawadi. Bodil ameitia kwenye sehemu ya mtu mmoja. Huo ni udanganyifu wa wazi. Nimeshinda, na mezani hapakuwa na mtu wa kushindwa.

Kisha ilifika saa ya kuzunguka mti. Nilisimama. Tunashikana mikono, ndivyo inavyofanywa, tunauzunguka tukiimba. Nilijaribu. Mikono miwili haiwezi kuzunguka mti. Niliimba ubeti mmoja na nusu, nikaketi sakafuni, nikalia kwa sauti kama mtoto, kwa mara ya kwanza tangu siku ya maziko.

Alhamisi, 26 Desemba

Signe amepiga. Akauliza hali. Nikasema kidogo afadhali, bado naona kizunguzungu. Akasema kule kwa Bodil hakuna aliyekula vizuri. Alberte aliuliza mara nne kama babu anauona mnyororo wake. Nikasema nauona saa hizi hizi, unapendeza. Zimebaki pete sita, ziko juu ya jiko zinakauka.

Kisha Signe akasema Baba, mwakani tutakuwa kwako. Wote, na Bodil pia. Liwalo na liwe, sitaki tena kukuona nyuma ya kioo. Na akasema Jumamosi anaweza kuja, yeye peke yake, na karatasi na mikasi miwili. Anifundishe kusuka. Kama mama alivyomfundisha yeye, tukae tu mezani tuzungumze.

Nilifungua mdomo.

Nikamwambia hakuna haja ya kujisumbua, mwanangu. Kusuka najua.

Akasema sawa, Baba. Polepole. Akakata simu.

Lakini mwakani wanakuja! Kaahidi mwenyewe. Ila ahadi ya Desemba kwa Desemba ni ndefu, na Bodil ana mwaka mzima wa kuwabadilisha mawazo. Siwezi kuiachia bahati. Nimefikiri tangu saa nne na kosa nimeliona liko wapi: ni ugonjwa wenyewe niliochagua. Mguu uliovunjika hauambukizi mtu! Mwenye mguu mbovu hasafirishwi, lazima afuatwe kwake. Nimeanza kuchechemea leo, jikoni, wa kushoto, ili wauzoee mapema.